Kopo la Mchanga wa Magogoni

Juzi nilipeleka gari kuoshwa Buguruni. Kijana akafungua boneti, akavuta mpira wa maji, akauelekeza kwenye injini ambayo bado ilikuwa inatoa joto.

"Subiri," nikamwambia. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, maana hata mama lishe wa jirani aligeuka.

"Mama, tunaosha hivi kila siku."

"Najua, mwanangu. Iache ipoe kwanza. Halafu nitafutie kipande cha nailoni na matambara mawili safi."

"Matambara ya nini?"

"Ya kuziba."

Akacheka. "Kumbe mama ni fundi."

"Mtoto wa fundi," nikajibu, nikakaa kwenye benchi. Harufu ilikuwa imeshanifikia: chuma cha moto, mafuta ya taa, sabuni na vumbi lililolowa. Kwa wengine hiyo ni harufu ya gereji tu. Mimi hunirudisha kwenye uwanja mmoja mdogo wa saruji pale Mchafukoge, nikiwa na miaka tisa, mikono imejaa jivu hadi kwenye viwiko.

Gereji yenyewe ilikuwa uwani, nyuma ya jengo la ghorofa mbili, hatua chache kabla hujaingia Kariakoo. Mbele palikuwa na duka la vipuri. Juu walikaa wenyewe, Bwana Kanti na mkewe. Uwani, chini ya paa la bati, ndipo alipofanya kazi baba yangu. Baba alikuja mjini kutoka Lindi akiwa kijana, akaanza kwa kuosha magari ya baba yake Bwana Kanti, akapanda polepole mpaka akawa Fundi Hemedi, ambaye watu walimfuata kutoka Magomeni na Temeke. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Sefu, mchomeleaji kijana mwenye mdomo usiopumzika.

Kila mchana nikitoka shule nilipita nyumbani Kariakoo, nikachukua bakuli la chakula ambalo Bibi, mama yake baba, alilifunga kwa kitambaa, nikampelekea baba gereji. Baba alikuwa na desturi yake. Aliweka bakuli juu ya pipa lililosimamishwa kama meza, akaukata ugali katikati kwa ubavu wa mkono, nusu yake, nusu yangu. Ulikuwa ugali wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, na wenye umri wangu wanaukumbuka ulivyokuwa unakwama kooni. "Upande wako una mchuzi zaidi," aliniambia kila siku, hata siku ambayo hapakuwa na mchuzi wowote.

Wakati huo nyumba za ghorofa zilikuwa zimeshachukuliwa na serikali, na Bwana Kanti amekuwa mpangaji katika jengo lililojengwa na baba yake. Mimi sikuyaelewa hayo. Nilichoona ni vitu vikishuka ngazi. Lilishuka kabati, ikashuka cherehani, siku nyingine ikashuka bembea ya mbao iliyokuwa ikining'inia sebuleni kwao, wamebeba wanaume wanne. Mkewe alisimama kwenye roshani akiitazama bembea hiyo mpaka mkokoteni ulipokata kona. Walikuwa wanasafiri, na hawakuwa wanasafiri ili warudi. Gereji ingefungwa mwisho wa mwezi.

Kilichobaki ni kigari. Kilikuwa gari la spoti, jekundu, la viti viwili, paa lake la turubai, fupi kiasi kwamba Sefu alisema linaendeshwa mtu akiwa amelala. Bwana Kanti alilinunua ujanani. Miaka ile redio ilipozungumzia mabepari na mirija yao kila jioni, alilifunika turubai kuukuu na kuliegesha pembeni, mtu akiliona adhani ni lundo la vyuma. Sasa daktari mmoja wa kigeni alikuwa amesikia habari zake, na alisema atakuja kuliona Jumamosi saa nne asubuhi.

"Watu wa magari haya hawaanzi na mlango, Fundi," Bwana Kanti alimwambia baba. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi, natafuna nusu yangu. "Wanaanza na boneti. Nataka akifungua aone injini kama ilivyotoka kiwandani."

"Injini ni nzima. Imechafuka tu."

"Basi isafishe. Gari likiuzwa," akagonga kwa kidole sanduku kubwa la vyuma lililokuwa ukutani, "hili ni lako."

Baba alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba alipojifuta hivyo moyo ulikuwa unamwenda mbio. Sanduku lile lilikuwa na droo tatu, na ndani yake spana zimelala kuanzia ndogo hadi kubwa juu ya kitambaa cha kijani. Zote zilikuwa mali ya Bwana Kanti. Baba alikuwa na ujuzi wa miaka mingi, lakini hakuwa na spana hata moja ya kwake, na gereji ikishafungwa, fundi asiye na spana ni kibarua. Jioni ile nyumbani alimwambia Bibi maneno machache tu: "Mama, nikipata lile sanduku, sitamwomba mtu kazi tena." Nami nilikuwa nimejilaza mkekani, nikajifanya nimesinzia.

Kazi ya kuisafisha injini ile ilichukua siku tatu, na baba alinieleza kila hatua, kwa sababu alikuwa mtu wa kueleza. Nadhani tabia hiyo nimeirithi. Kwanza, alisema, injini lazima iwe ya baridi kabisa. Chuma cha moto kikipigwa na maji huweza kupasuka kama glasi, na mafuta ya taa yakidondokea kitu cha moto unaita zimamoto. Kwa hiyo gari lilisukumwa hadi katikati ya uwanja, penye hewa, na Sefu akaambiwa azime moto wake na sigara yake. Pili, waya wa betri hutolewa kabla ya kushika chochote. Tatu, sehemu zote za umeme hufunikwa nailoni na kufungwa kamba. Halafu baba akatoa machujio ya hewa, na zikaonekana kabureta mbili, kila moja na mdomo wake wazi. Akachukua matambara safi, akayakunja, akaziba midomo ile kwa utaratibu kama mtu anayemfunga mtoto nepi.

"Humu ndimo inamopumulia," alisema. "Kikiingia kitu hapa, kimeingia tumboni."

Baada ya hapo ndipo alipoanza kupaka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi, sehemu ndogo ndogo, anaacha yalainishe grisi, anafuta. Kwenye pembe alitumia mswaki wa zamani. Kisha kitambaa chenye sabuni ya mche na maji kidogo, kisha kitambaa kikavu, kisha jua. Mipira aliisugua kwa glisirini ikarudi weusi wake. Vyuma vilivyoshika kutu alivikwangua na kuvipaka rangi isiyoogopa moto. Kila nilipofika mchana nilikuta kipande kingine kimefufuka, na mimi nikiruhusiwa kushika mswaki, nikajiona nami nafufua.

Kilichogoma ni vile vifuniko viwili vya juu. Vilikuwa vya aluminiamu, na ndivyo mtu anavyoviona kwanza akifungua boneti. Mafuta yalitoka, lakini rangi yake ilibaki ya kijivu, imefifia kama jicho la samaki aliyelala sokoni. Baba alihitaji dawa ile ya kung'arishia shaba, na madukani haikuwepo. Alikwenda mtaa hadi mtaa. Alhamisi jioni alirudi nyumbani mikono mitupu, akakaa kizingitini.

"Kila kitu kimekubali isipokuwa vile vifuniko," alisema, bila kumwambia mtu fulani.

Mimi nilikuwa naosha vyombo uani. Niliinua sufuria, nikajitazama ndani yake, nikaona meno yangu yote.

Ninyi mliolelewa na bibi zenu hamhitaji maelezo. Sufuria kwetu haikuwa imeoshwa mpaka imeng'aa nje na ndani, hata tako lake lililokaa motoni. Bibi alikuwa na kopo la bati la kahawa, rangi yake imekwisha, na ndani yake mchanga mweupe kutoka ufukweni Magogoni, ambao aliuchekecha kwa kipande cha chandarua mpaka ukawa laini kama unga. Unachovya kumbi la nazi lililolowa kwenye jivu, unachovya kwenye mchanga, unasugua kwa mzunguko. Nilikuwa bingwa wa mtaa. Wanawake wapangaji walizishika sufuria zangu na kusema Mwajuma ataolewa mapema.

"Bibi," nilimwuliza usiku ule tukila, "kitu cha aluminiamu kilichofifia kinang'arishwa na nini?"

"Kwani leo ndiyo unaniuliza?" Bibi akashangaa. "Jivu na mchanga. Mengine ni ya watu wavivu."

Kwa akili yangu ya miaka tisa, injini ilikuwa jiko la gari. Lina moto, lina moshi, lina mafuta, na lina vifuniko. Sikuona sababu ya jiko lile kushindikana wakati mimi nipo.

Ijumaa nilitoka shule mapema. Nilifunga kopo la Bibi, kumbi, na karatasi yenye jivu pamoja na bakuli la chakula. Nilipofika gereji, baba alikuwa ameshakwenda msikitini, Sefu naye. Bwana Kanti alikuwa juu anakula. Uwani hapakuwa na mtu, ila kigari na boneti yake wazi, injini ikianikwa juani.

Nilisugua kwa nguvu zangu zote. Maji nilitia kidogo tu, kwa sababu nilikumbuka somo. Nilikuwa mwangalifu mno kwenye nailoni za umeme, na hadi leo najionea huruma kwa uangalifu ule. Kijivu kikatoka, weupe ukaja, na nikaona uso wangu umepinda kwenye kifuniko cha kwanza kama ninavyouona kwenye sufuria. Ulipofika wakati wa kufuta nikatafuta kitambaa. Hapo chini ya mkono wangu palikuwa na matambara mawili, yameshalowa vumbi na grisi, yamebaki yakichafua sura ya kazi nzuri. Nikayavuta. Nikafutia jivu na mchanga, nikauvurumisha uchafu wote upande wa pili, upande wa ile midomo miwili iliyo wazi.

Sikukumbuka. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikumbuka na kupuuza. Hapana, sikukumbuka kabisa. Nilikuwa naona mng'ao tu.

Nilisikia geti la mabati likisukumwa. Sijui kitu gani kiliniambia nilifiche kopo. Huenda ni kwa sababu lilikuwa la Bibi, na niliondoka nalo bila ruhusa. Nililisukuma nyuma ya pipa la mafuta machafu, nikasimama kando ya gari.

Baba aliingia na kanzu yake na kofia. "Baba, tazama," nikasema.

Alitazama. Uso wake ulianza kufunguka, nakiri niliona hivyo, kisha ukasimama pale ulipofika. Alisogea. Aliinama. Kwenye vifuniko vile, jua lilipopiga, kulikuwa na mikwaruzo ya mviringo, mamia, inaingiliana kama nyuzi za buibui. Lakini hakuwa anatazama vifuniko.

"Matambara yako wapi?"

Nikayainua. Yalikuwa mkononi mwangu.

Baba akaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akakitoa. Akasugua kidole na gumba karibu na sikio lake, kama mtu anayesikiliza saa.

"Umesugulia nini, Mwaju?"

"Jivu."

"Jivu tupu?"

"Jivu tupu, baba."

"Hakuna mchanga?"

Sikuwa mtoto mwongo. Lakini nilikuwa nimeshaona mikono yake ikianza kujifuta kwenye kanzu nyeupe, kanzu ya Ijumaa, kidole kimoja kimoja, na alama nyeusi zikibaki pale. Niliogopa zile alama kuliko kitu chochote.

"Hakuna."

Baba akavua kanzu, akaitundika msumarini. "Haya," akasema. "Nenda nyumbani. Mwambie Bibi nitachelewa."

Nikaondoka nikiamini kwamba ameniamini. Siku ile hatukula pamoja.

Jumamosi asubuhi Bibi alinituma nipeleke chai. Nilikuta gunia limetandikwa uwani, na juu yake kabureta zote mbili zimefunguliwa, vipande vimepangwa kwa safu: sindano, vikombe, vyelea, skrubu ndogo kama punje za mtama. Baba alikuwa amepiga magoti, macho mekundu. Gasketi, zile karatasi za kuziba maungio, zilikuwa zimechanika wakati wa kufungua, na mpya hazikuwepo mjini, kwa hiyo alikuwa anakata nyingine kwa wembe kutoka kwenye boksi la viatu.

"Fundi Hemedi," Sefu alisema kutoka kwenye ukuta wake, "leo umefungua genge la nyanya? Fungu bei gani?"

"Nunua yote uniondolee," baba akajibu bila kuinua kichwa.

Saa nne kasoro Bwana Kanti akashuka na daktari. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alifika kwenye gunia, akasimama.

"Fundi. Jana nimekuachia gari zima."

"Ndiyo."

"Mtu wangu yuko hapa. Hii nini?"

Baba akainuka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, nimeshika birika. "Kabureta zimeingia mchanga," akasema.

"Mchanga umetoka wapi?"

"Mimi, Bwana Kanti. Vifuniko vilinishinda, nikavisugua kwa mchanga. Nikasahau kuziba. Umeingia ndani."

Birika lilikuwa la moto, na ninakumbuka niliendelea kulishika.

"Wewe?" Bwana Kanti alitabasamu kama mtu anayengoja mzaha umalizike. "Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kuziba."

"Mkono uliteleza."

"Fundi, hata mtoto hawezi kuosha injini kwa mchanga."

"Ndivyo ilivyotokea. Nipe mpaka Jumatatu. Siwezi kumkabidhi mtu gari lenye mchanga, litakula silinda ndani ya wiki moja."

Daktari aliuliza kitu kwa Kiingereza. Bwana Kanti alijibu kwa maneno machache. Daktari akainama, akapitisha kidole juu ya ile mikwaruzo, akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa baba mkono, na baba akampa kiwiko, kwa kuwa kiganja kilikuwa na mafuta. Alisema atarudi Jumatatu. Jumatatu hakurudi, na Jumanne tulisikia amepata gari jingine Oysterbay.

Bwana Kanti alibaki amesimama. Alitazama juu, kwenye roshani, ambako mkewe alikuwa amekuja kuona kama biashara imekwisha. "Nilikuahidi sanduku gari likiuzwa," alisema, sauti ndogo. "Halijauzwa, Fundi. Na mimi nitahitaji kila kitu."

"Nimeelewa," baba akasema. Akarudi kwenye gunia, akapiga magoti, akaendelea kukata gasketi ya gari ambalo halikuwa tena na mnunuzi.

Nilikuwa na nafasi. Nataka niiseme wazi, kwa sababu wengi wetu tuna nafasi kama hiyo mahali fulani na tunajiambia haikuwepo. Walikuwa wote pale: baba, Bwana Kanti, Sefu ukutani. Sentensi moja ingetosha. Nilimimina chai kwenye kikombe, nikakiweka chini, nikaenda nyumbani.

Jioni ile nilikuta kopo la Bibi liko mahali pake jikoni, limesuguliwa, limejaa mchanga. Nilishukuru. Nilijiambia labda Bibi alikuwa na makopo mawili.

Wiki iliyofuata Bwana Kanti na mkewe waliondoka. Sanduku liliuzwa pamoja na vitu vya duka, na kigari kikachukuliwa na ndugu yao wa Upanga. Baba alihamia mtaa wa Gerezani, akafanya kazi kwenye eneo jipya la Sefu, kwa spana za kuazima. Ukipita ungemsikia: "Niazime kumi na tatu." "Niazime bisibisi." Na Sefu anajibu: "Fundi Mchanga, chukua, ila usiisugue." Watu wanacheka. Jina likashika. Mwezi mmoja baadaye Gerezani nzima ilimwita Fundi Mchanga, na baba anaitikia.

Kila nilipolisikia jina lile nilihisi kama mtu amenivua nguo barabarani. Nikaanza kutafuta sababu. Leo kuna mazoezi ya shule, kesho kuna madrasa. Mwishowe bakuli likawa linapelekwa na Bibi. Baba aliniuliza mara mbili tatu: "Mwaju, mbona huji gereji? Njoo nikuonyeshe kabureta inavyorudishwa." Nikasema nitakuja. Halafu hakuuliza tena.

Bibi alikuwa akirudi analalamika. "Baba yako haumwi kweli? Kila siku nusu ya ugali inarudi." Kweli, bakuli lilirudi na nusu, imekatwa safi, haijaguswa. Nilijua sababu. Nilijua anahuzunikia sanduku lake, hamu ya chakula imekufa, na aliyeiua ni mimi. Kwa hiyo nikazidi kukaa mbali. Nilisoma, nikapata kazi ya ofisini, nikaolewa, nikawa naenda kumwona Magomeni alikohamia, siku za sikukuu, na tukazungumza vizuri, kuhusu afya na watoto. Gereji hatukuitaja.

Baba alifariki akiwa mzee. Kwenye matanga nilitoka nje kuwasalimia wazee waliokaa kwenye mikeka. Sefu alikuwa miongoni mwao, jicho moja limefungwa na miaka ya kuchomelea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Binti wa Mchanga, kaa hapa." Akawageukia wenzake, akaanza kuwasimulia jinsi rafiki yake alivyosugua injini ya gari la spoti kwa mchanga kama sufuria. Wakacheka kwa ile furaha ya msibani, ya kumpenda marehemu. Alipomaliza, sikuweza kuvumilia tena.

"Baba mdogo," nikasema, "ule mchanga ulikuwa wangu. Ni mimi niliyesugua. Nikamdanganya."

Nilingoja mkeka mzima unyamaze. Sefu alipuliza kahawa yake, akanywa.

"Mwanangu, nani asiyejua?"

"Mlijua?"

"Fundi gani aoshe injini kwa mchanga? Zile alama za kusugulia zilikuwa ndogo kama kiganja cha paka. Na kopo la bibi yako nilimwona nalo baba yako Jumamosi ileile, amelifunga kwenye tambara, anarudi nalo nyumbani. Nikamwuliza, akaniambia, 'Sefu, kama hukuona, hukuona.'"

"Kwa hiyo jina lile..."

"Tulimtania aseme. Miaka yote. Mgeni akiuliza mbona anaitwa Mchanga, sisi tunamtazama yeye. Naye anasema, 'Niliosha injini kwa mchanga, mimi bwana.' Uso mkavu. Ndipo tunapocheka." Sefu akaweka kikombe chini. "Spana alipata, unajua. Moja moja, mpaka zikatimia. Hilo halikumkera sana."

"Lakini hakuwa anakula, baba mdogo. Bakuli lilikuwa linarudi na nusu."

Alinitazama kwa lile jicho zima, kana kwamba nimemwuliza jambo ambalo hata mtoto angejua.

"Kula alikuwa anakula. Nusu yake anamaliza. Ile nyingine anaifunika. Nikimwambia nipe mimi, anasema ngoja, bado mapema, huenda akaja."

Nilirudi ndani kwa wanawake. Mtu akanipa sahani ya wali. Nikautenga katikati kwa ubavu wa mkono, nikala upande mmoja, nikaufunika ule mwingine.